Michoro ya watoto ukutani: namna ya kuitundika, kuibadilisha na kuitunza ukiwa nyumba ya kupanga

Karatasi ilikuwa nyeusi tii. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa amesugua krayoni nyeusi mpaka ikabaki kipande cha ukubwa wa punje ya hindi. Kwenye kona moja tu aliacha kidoa cha njano. Nilikuwa nimeshaikunja niwashie jiko la mkaa, nikauliza kwa mazoea tu, "Hapa ulichora nini mwanangu?" Akanijibu bila hata kuniangalia: "Umeme umekatika. Hiyo ya njano simu yako."

Nikaikunjua, nikainyoosha gotini. Mikunjo yake haijatoka mpaka leo.

Mwongozo huu ni wa nyumba inayofanana na yangu hapa Dar es Salaam: vyumba viwili na sebule, kuta za tofali zilizopigwa plasta, mwenye nyumba anayepita kila mwezi, unyevu wa pwani, na pangaboi linalozunguka mchana kutwa. Kama una nyumba yako mwenyewe, tena Iringa kwenye baridi, mambo mengi yatakuwa mepesi zaidi kwako.

Kabla ya hatua zenyewe, niseme nilichojifunza kwa kuharibu. Kubandika hakumshindi mtu. Kinachotushinda ni kubandua. Mchoro unabandikwa kwa selotepu siku ya kwanza kwa shangwe, unakaa pale miaka miwili, unageuka njano, mtoto mwenyewe ameshausahau na sasa anachora vitu vingine kabisa, na siku ukiubandua unaondoka na kipande cha rangi ya ukuta. Kwa hiyo kila njia ninayoieleza hapa nimeipima kwa swali moja: kuutoa mchoro huu na kuweka mwingine kutanichukua muda gani? Kama jibu ni zaidi ya dakika moja, najua sitafanya.

Hatua ya 1: Kaa na mtoto, mchambue

Chagua siku moja ya wiki. Kwetu ni Ijumaa jioni, kwa sababu ndiyo siku begi la chekechea linapokung'utwa. Mwaga karatasi zote sakafuni na mgawe mafungu matatu: za kutundika, za kupiga picha kwa simu na kuziachia, na za kutunza bila kutundika.

Usiulize "hii ni nini?" Swali hilo linamwambia mtoto kwamba hukuelewa, na watoto wengine hapo hapo wanabuni jibu la kukuridhisha. Sema "nihadithie hapa", halafu nyamaza. Atakachokisema kiandike nyuma ya karatasi kwa maneno yake hayo hayo, pamoja na jina, tarehe na umri. Tumia penseli. Kalamu ya wino ukiikandamiza inaacha alama upande wa mbele, na kwa unyevu wetu wino wa kalamu nyingi unavuja. Andika siku hiyo hiyo. Mchoro bila maneno ya mwenyewe, baada ya miezi miwili, ni karatasi yenye mistari.

Katika kuchagua, mimi nina ubaguzi na sioni haya kuusema: zile karatasi zilizochapwa tayari, tembo wa kupaka rangi ndani ya mistari, sizitundiki. Ni mazoezi mazuri ya mkono lakini tembo si wake. Mume wangu hakubaliani nami, na mtoto akisisitiza inatundikwa. Ukuta ni wake.

Weka idadi na msiivuke. Sisi tuna nafasi nane. Ukiingia mmoja, mmoja unashuka, na anayeamua upi ushuke ni mtoto. Utashangaa anavyoukata bila huruma mchoro ambao wewe ulikuwa unaupenda.

Karatasi iliyokunjamana usiipige pasi kama ina krayoni, nta itayeyuka na kushikana na pasi yako. Iweke katikati ya karatasi mbili safi, ifunike na vitabu vizito, iache siku tatu nne. Ya penseli tupu inaweza kupigwa pasi ya vuguvugu upande wa nyuma, juu yake kukiwa na kitambaa.

Hatua ya 2: Tafuta ukuta unaofaa

Maadui ni jua, maji na mafuta.

Jua linapausha rangi, na kilichopauka hakirudi. Kalamu za felti ndizo zinazokufa kwanza. Ziweke mbele ya dirisha linalopigwa na jua la jioni, wiki chache tu zambarau inakuwa kijivu. Krayoni na penseli za rangi zinastahimili zaidi. Ukuta mzuri ni ule ulio upande mmoja na dirisha, mwanga unaupita ubavuni bila kuupiga usoni.

Maji ndiyo makubwa kwetu, hasa wakati wa masika. Ukuta unaopakana na bafu, au ule wa nje unaopigwa na mvua, unaweza kuonekana mkavu huku ndani umelowa. Upime hivi: chukua kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache siku nzima. Ukikuta vitone vya maji upande wa nailoni ulioelekea ukutani, unyevu unatoka ukutani, na karatasi yoyote utakayoilaza hapo itaota ukungu. Ukuta wa namna hiyo unafaa tu kwa vitu vinavyoning'inia mbali nao, nitakavyoeleza kwenye waya.

Jikoni sitii neno. Moshi na mvuke wa mafuta ya kukaangia vinashika karatasi na havitoki.

Kuna jambo jingine la nyumba zetu ambalo miongozo mingi hailigusi. Familia nyingi za Waislamu haziweki sura za viumbe vyenye roho ukutani, hasa chumba kinachoswaliwa. Jirani yangu amelitatua bila kumvunja moyo mwanawe: ukuta wa sebule ni wa mitumbwi, nyumba, minazi, maua, magari na herufi, wala hauko upande wa kibla, watu na wanyama wanakaa kwenye albamu ambayo mtoto anaifungua mwenyewe akitaka kuwaonesha wageni. Lipangeni mapema, kabla mtoto hajaleta picha ya bibi yake aliyoitolea jasho siku nzima.

Kimo sasa. Majumba ya makumbusho hutundika picha kiini chake kikiwa karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa macho ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa takriban sentimita 110, kwa hiyo macho yake yako kwenye 100 hivi. Kama ukuta ni kwa ajili yake, kiini cha picha kiwe hapo, 95 mpaka 100. Wageni watainama, na mgeni anayeinama kutazama kazi ya mtoto ni sifa ambayo hakuna maneno yatakayoifikia. Isipokuwa, bila shaka, kama nyumbani yuko mdogo wa mwaka mmoja na nusu anayetafuna karatasi. Hapo panda mpaka 130 na subiri akue.

Hatua ya 3: Ujue ukuta wako umepakwa nini

Pitisha kiganja ukutani kwa nguvu. Kikitoka na vumbi jeupe, hiyo ni chokaa au rangi ya maji ya bei ya chini iliyozimuliwa sana. Hapo hakuna tepu wala gundi itakayoshika: itashika vumbi, na vumbi litaanguka nayo. Ruka moja kwa moja kwenye hatua ya 4.

Kiganja kikitoka safi na ukuta hauna mng'ao, ni rangi ya maji nzuri. Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi kuziba kingo itashika, ila ijaribu kwanza nyuma ya mlango. Kata kipande cha urefu wa kidole, kibandike, kiache siku mbili. Ukikitoa usikivute kwa kukielekeza kwako. Kikunje kirudi juu yake chenyewe, ukivute polepole ukifuata ukuta. Kikija kitupu, endelea. Kikija na ganda la rangi, shukuru uko nyuma ya mlango.

Ukuta unaong'aa na unaofutika kwa kitambaa kibichi umepakwa rangi ya mafuta, na huo unapokea karibu kila kitu.

Selotepu ya kawaida niliiacha kabisa. Joto linailainisha, gundi inahama na kuingia kwenye karatasi, inaacha alama ya kahawia isiyotoka. Ile gundi laini inayofanana na unga uliokandwa inaacha doa la mafuta kwenye ukuta wa rangi ya maji. Na gundi ya kupika kwa unga wa ngano au muhogo, ambayo sote tumekua nayo, ni nzuri kwa kutengenezea maboksi, lakini usibandikie kitu ukutani. Mende wanaila.

Hatua ya 4: Waya wa pazia

Hii ndiyo njia yangu, na kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu basi iwe hii.

Unaijua ile springi iliyovishwa plastiki nyeupe, tunayotundikia mapazia mepesi ya madirishani. Inauzwa kwa mita kwenye maduka ya mapazia na ya vifaa vya ujenzi, pamoja na vipete na ndoano zake. Uzuri wake ni kwamba inajivuta yenyewe. Kamba ya katani au uzi wa nailoni utalegea baada ya mwezi na michoro yote itakimbilia katikati. Springi haifanyi hivyo upesi.

Watu huniuliza kama itabeba. Tupige hesabu. Karatasi ya kawaida ya A4 ni ya gramu 80 kwa mita moja ya mraba, na karatasi kumi na sita za A4 ndizo zinazojaza mita hiyo. Kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5. Michoro kumi ni gramu 50, chini ya yai moja la kuku. Kibanio cha nguo chenyewe kinaweza kuwa kizito kuliko mchoro kinaoushika.

Unachohitaji ni mita mbili za waya, vipete viwili vya kuskrubu, ndoano mbili, fisha mbili za ukutani (vile vibomba vya plastiki vinavyoshika ndoano tunduni) za milimita 6 na vibanio vya nguo kumi na viwili. Halafu unahitaji ruhusa.

Ruhusa yangu ilikwenda hivi. Mama mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi, nikamkaribisha soda kwanza.

"Mama, nilikuwa naomba kutoboa ukuta kidogo pale."

"Matundu mangapi?"

"Mawili tu mama. Na nikihama nayaziba."

"Na rangi?"

"Na rangi."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Usije ukanitobolea huko kwenye nyaya." Na hilo la nyaya ni la kweli kabisa. Nyaya za umeme mara nyingi hupanda wima kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe sehemu iliyo moja kwa moja juu ya swichi, chini yake, wala iliyo sambamba nayo pembeni. Kama huna drili, fundi umeme wa mtaani atakutobolea kwa dakika tano, na yeye anajua nyaya zinapita wapi kuliko wewe.

Pima umbali kati ya matundu mawili. Tuseme ni mita mbili. Kata waya upungue kidogo, kama sentimita 190, ili ulazimike kuuvuta. Ukiukata sawasawa na umbali utaning'inia kama kamba ya mbuzi. Utaukata kwa koleo. Mkasi wa jikoni utauharibu, nimeuharibu wangu. Zungushia kipete kila ncha mpaka kizame ndani ya springi.

Toboa kwa ncha ya milimita 6, kina kifike sentimita tatu na nusu hivi, pulizia vumbi litoke, gonga fisha izame mpaka ilingane na ukuta. Hapa nilikosea mara ya kwanza: zile ndoano ndogo zinazouzwa pamoja na waya zimetengenezwa kwa fremu ya mbao, na ndani ya fisha zinachezacheza. Nunua ndoano nene zaidi ambazo unalazimika kuzikaza kwa koleo. Kisha ning'iniza waya, pachika vibanio, basi.

Kama mwenye nyumba amekataa katakata, angalia kama unaweza kufunga ncha moja kwenye fremu ya mbao ya mlango, ambayo inapokea ndoano kwa mkono bila drili, na ncha nyingine kwenye nondo za dirisha. Unapata waya unaokata kona ya chumba. Si mahali pabaya, ila kuwe juu ya vichwa vya watu wazima, mtu asijikate shingo usiku.

Sasa pangaboi. Siku ya kwanza nilipoliwasha namba tano, ukuta mzima ulianza kupiga makofi. Karatasi zilipigana mpaka mbili zikachanika kwenye kibanio. Dawa ni kuzipa uzito chini: kibanio kimoja kimoja kwenye ukingo wa chini, katikati. Au bandika mchoro juu ya kipande cha manila kabla ya kuutundika. Manila ni ngumu, haipepei. Mimi nimekata manila nane zenye ukubwa uliozidi A4 kwa vidole viwili kila upande, nikachana vijipasuo vinne vya mshazari kwenye pembe, mchoro unachomekwa pembe zake bila gundi yoyote. Manila zinabaki pale pale kwenye waya mwaka mzima, michoro ndiyo inayobadilika. Dakika moja haifiki.

Vibanio vina chuma ndani, na hewa ya bahari inakitia kutu. Weka kijipande cha karatasi kati ya kibanio na mchoro, la sivyo baada ya msimu wa mvua utakuta doa la kutu juu ya kila kazi.

Hatua ya 5: Njia nyingine, kwa haraka

Mkeka wa ukili uliochakaa upande mmoja. Utundike wima kama pazia, ukichomeka fito nyembamba juu, kisha pachika michoro kwa pini ukipenyeza kwenye msuko. Unapendeza kuliko ubao wowote wa dukani. Ukung'ute kila mwezi, unakusanya vumbi na mijusi inaupenda.

Friji. Kwetu wengi friji inakaa sebuleni, kwa hiyo ni ukuta tayari. Milango mingine haishiki sumaku, jaribu ubavu. Usitumie vile visumaku vidogo vyenye nguvu kama kuna mtoto anayetia vitu mdomoni. Akimeza viwili vinavutana ndani ya utumbo na ni hatari ya kukimbiza hospitali.

Upande wa ndani wa mlango wa kabati la nguo, kwa yale ambayo mtoto hataki kila mtu aone. Wapo watoto wa hivyo, wa pili wangu ni mmoja.

Mfuko wa salfeti uliofuliwa na kukatwa, kama wanaoutumia walimu kuchorea ramani na herufi za darasani, unafaa kwa mtoto anayependa kuchora makubwa. Hauchaniki, unakunjwa, unatundikwa kwa misumari ya mlangoni iliyokuwepo.

Hatua ya 6: Mmoja wa mwaka uingie kwenye fremu

Fremu ni ghali kwa kitu kinachobadilika kila Ijumaa. Lakini mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa, mtoto anachagua mmoja tunaupeleka kwa fundi fremu.

Usimwachie fundi aamue. Kwa mazoea yake ataulaza mchoro moja kwa moja kwenye kioo, atabana hadibodi nyuma, atapiga misumari, kwisha. Nilifanyiwa hivyo. Miezi sita baadaye, baada ya mvua za masika, upande wa chini wa jogoo wa rangi ya maji ulikuwa umeganda kwenye kioo, na nilipojaribu kuubandua mkia ulibaki kule. Unyevu hukusanyika kwenye kioo, karatasi inaunyonya, rangi inashika.

Mwambie hivi: "Fundi, naomba mchoro usiguse kioo." Katikati kuwe na manila nene iliyokatwa dirisha. Dirisha liwe dogo kuliko mchoro kwa milimita 5 kila upande. Kwa A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, dirisha ni 200 kwa 287. Kama manila ni nyembamba ziwekwe mbili au tatu kwa kupandana. Mchoro ushikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi na gundi kidogo, chini uachwe huru, kwa sababu karatasi inatanuka na kusinyaa na hali ya hewa, na ukiibana pande zote itafanya mawimbi. Nyuma azibe kwa tepu ya karatasi wadudu wasiingie. Nyumbani, gundisha vipande viwili vya soli ya kandambili kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, hewa ipite kati yake na ukuta.

Kuhusu kulamineti: stesheneri yoyote itakufanyia kwa bei nafuu, na kwa penseli au kalamu ya felti matokeo ni mazuri. Kwa krayoni, kamwe. Joto la mashine ni kubwa kuliko nta inavyoweza kuvumilia. Nilisimama pale dukani nikitazama boti la buluu likitoka upande wa pili limekuwa ziwa. Kijana wa mashine alisikitika kuliko mimi. Tena kilicholaminetiwa hakilaminetuliki, kama kuna neno kama hilo.

Mtoto akitaka kuchora kitu cha kudumu tangu mwanzo, mpe hadibodi badala ya karatasi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi vya mraba, vingi vya futi mbili kwa mbili, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na kuna kazi zake ambazo zipo mpaka leo. Rangi ya mafuta sitaishauri kwa mtoto mdogo, ina mvuke mkali na nyingine huwa na madini ya risasi. Lakini hadibodi iliyopakwa kwanza mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji inapokea rangi zote za shuleni, na haihitaji kioo.

Hatua ya 7: Visivyolala bapa

Magari ya waya, wanasesere wa mabua, vyungu vya udongo. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka, vishubaka vilivyochongwa safu kwa safu kwenye plasta ya ukuta, vikipangwa bakuli na sahani za kaure. Kidaka kinakipa kitu kidogo heshima kwa kukizungushia fremu. Chukua maboksi ya viatu manne, yaondoe vifuniko, yapake rangi moja ndani, yagundishe pamoja kwa kupandana juu ya kabati. Kila shimo, kitu kimoja. Gari la waya ambalo sakafuni lilikuwa linakanyagwa, ndani ya kidaka linaulizwa habari zake.

Udongo usiochomwa hautadumu, utameguka. Upige picha mapema. Kazi zilizogundishwa maharage, dengu au mchele zitatoa wadudu. Kama mtoto amegoma kabisa kuiachia, itie ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ikae kwenye friza siku nne, ndipo itundikwe.

Hatua ya 8: Zilizoshuka zinakwenda wapi

Kila unaposhuka, upige picha kwanza. Toka barazani saa nne asubuhi, kivulini, laza mchoro chini, zima flashi, simama juu yake simu ikiwa imelala sawasawa na karatasi ili pembe nne zionekane za mraba. Kuchapa tena A4 kwa ubora kamili kunahitaji picha ya pikseli 2480 kwa 3508, kama megapikseli 8.7, kwa hiyo simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha. Piga na upande wa nyuma pia, wenye maneno. Zitume kwa bibi na babu kijijini wakati huo huo. Nakala iliyopo kwenye simu mbili haipotei kirahisi.

Kwa karatasi zenyewe, usinunue kitu. Nenda stesheneri uombe boksi tupu la karatasi za rimu. Kwa kawaida hubeba rimu tano, limekatwa kwa A4 sawasawa, lina mfuniko, na ni gumu. Boksi moja kwa kila mtoto linatosha miaka mingi ukiwa mchaguzi. Tandika chini majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa, kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu kwenye masanduku ya khanga, na ongeza vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mbali na mikono ya wadogo. Vidonge vya naftalini acha, ni sumu na vinafanana na pipi. Boksi likae juu ya kabati, si sakafuni, kwa sababu ya mchwa na kwa sababu ya ile siku maji yatakapoingia ndani. Mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake, lifungue lipate hewa.

Zisizotunzwa ziachie kweli. Nyuma yake kuna nafasi ya kuchora tena, kufungia zawadi, au kuwashia jiko. Mtoto wangu sasa ndiye anayeniletea za kuwashia, ameshazichambua mwenyewe.

Ile nyeusi iko kwenye fremu, mikunjo yake yote inaonekana. Tuliitundika pembeni ya mita ya umeme, ya LUKU, kimo cha sentimita 98. Mwenyewe ametimiza miaka saba wiki iliyopita na anasema iko chini mno, ipande. Ndoano nimeshanunua, na puti ya kuziba tundu la zamani ipo kwenye kopo chini ya sinki.